Siku Zipu Ilipogoma

Boksi la hema lilisema linatosha watu sita. Kendra alikuwa na hakika kwamba aliyeandika maneno hayo hakuwahi kuwa na mtoto, au basi aliwahesabu watu sita waliosimama wima. Wao walikuwa wanne tu, yeye na mumewe Wade na watoto wao, Maisie wa miaka saba na Colby wa minne, na bado hapakuwa na pa kuweka mguu bila kumkanyaga mtu. Godoro la upepo lilivuja taratibu usiku kucha, kwa hiyo kila alfajiri mume na mke walijikuta wamebiringika katikati, ubavu kwa ubavu, kama viazi ndani ya gunia. Kwa watu wengine hilo lingekuwa jambo la kuchekea. Kwa hawa wawili lilikuwa adhabu.

Walikuwa wametoka Ohio kwa gari hadi Florida, wakapiga kambi chini ya misonobari, karibu na Ufalme wa Kobe. Huo ndio uwanja wa michezo ambao kila mtoto wa Marekani hudai kwamba wenzake wote wameshaenda isipokuwa yeye. Huko ndani yuko mtu aliyevaa vazi la kobe na kofia ya dhahabu, na watoto hupanga foleni juani ili wamkumbatie, kila mmoja na gamba lake la plastiki mgongoni. Kutoka hemani ulisikia mayowe ya watu waliolipa hela zao wenyewe ili wapinduliwe kichwa chini miguu juu. Kendra alikuwa akiyasikia mayowe hayo anapoosha sufuria ya makaroni, na akiyaonea wivu. Wale angalau walijua mashine yao itasimama saa ngapi.

Ukweli ni kwamba Kendra na Wade walikuwa wanaachana. Walikubaliana mwezi wa nne, mezani jikoni, bila kutupiana hata kijiko. Wade alikuwa ameshapata chumba upande wa pili wa mji, juu ya duka la matairi. Ila tiketi za Ufalme wa Kobe zilikuwa zimenunuliwa tangu Krismasi, mama yake Wade ndiye aliyezitoa zawadi, na watoto walikuwa wakilala na kuamka na jina la kobe mdomoni. Nani angekuwa na moyo wa kuwanyima? Wakaahidiana: watakwenda, watacheka, wataitana mpenzi mbele ya watoto, na wakirudi watawaambia pamoja. Nyumbani, kwenye makochi yao wenyewe, ambako kila mtoto ana chumba chake cha kukimbilia na mlango wa kufunga. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimshika Kendra asidondoke. Kila alipochoka kutabasamu alijiambia, makochi, Kendra, fika kwanza kwenye makochi.

Tatizo lilikuwa Wade. Si mtu mbaya, na huo ndio ugumu wenyewe, maana mtu mbaya ungemnunia ukapata nafuu. Ugonjwa wa Wade ni furaha. Hawezi kuona uso uliokunjamana asitake kuutekenya. Ndiye aliyewashoneshea wote wanne fulana za kijani zilizoandikwa jina la ukoo mgongoni, akaja nazo kambini, na Kendra akaivaa yake.

Kwa watu wa kwao, habari kubwa haisemwi hivi hivi. Hutengenezewa shughuli. Colby alipokuwa tumboni, ukoo mzima uliitwa kushuhudia keki ikikatwa, na ndani yake ikawa ya bluu, wakajua ni mvulana, watu wakapiga vigelegele kana kwamba wanawake hawajawahi kuzaa wavulana. Na safari hii ya kobe nayo ilitangazwa kwa mtindo uleule. Asubuhi ya Krismasi palikuwa na boksi kubwa sebuleni, ndani yake maputo ya kijani, na Kendra ameshika simu anarekodi ili ndugu wote waone watoto watakavyoruka. Maisie akafungua boksi. Maputo yakatoka. Akayatazama, akainama, akauliza kama baiskeli iko chini yake.

Wade hakukata tamaa. Aliyakamata maputo moja moja, akayarudisha boksini, akafunga. "Haikutoka vizuri, mwanangu," akamwambia. "Turudie. Safari hii uruke."

Maisie akaruka, tena akapiga na kelele. Shangazi zake walilia machozi kwa mruko ule, kila mmoja kwenye simu yake huko aliko. Kendra ndiye aliyeituma video ile ya pili, na ile ya kwanza akaifuta. Wakati ule hakuona ubaya wowote.

Sasa, siku mbili kabla ya kuondoka, Wade alikuja na wazo. Ilikuwa mchana, wametoka uwanjani kupumzika, watoto wamelazwa hemani, wao wawili wako nje karibu na jiko la gesi wakipaka siagi ya karanga kwenye mikate. Alisema wasingoje kufika nyumbani. Wawaambie watoto kesho jioni, mbele ya ngome ya kobe, wakati wa fataki.

Kendra alidhani hakusikia vizuri, akamwomba arudie, naye akarudia vilevile.

"Tukiwaambia pale watafurahi," Wade alisema kwa sauti ya chini. "Namaanisha, watakuwa wameshafurahi. Itapita kwa wepesi."

"Ukiwaambia pale, kila fataki itakayolipuka maishani mwao itawaambia tena."

"Wewe kila kitu unakiona msiba."

"Huu ni msiba, Wade. Ni mdogo, ni wa kwetu, lakini ni msiba. Mwache mtoto alie bila kupigiwa muziki."

Walibishana hivyo kwa minong'ono, na kisu cha siagi kikienda na kurudi. Mtu akiishi miaka mingi ndani ya kuta husahau kwamba hema ni nguo tu.

Ngurumo ndiyo iliyowakatiza. Mvua ya Florida wakati wa kiangazi haibishi hodi, kila alasiri inamwagika yote kwa pamoja. Jirani yao, mzee Lonnie, ambaye ana nyumba ya magurudumu yenye kiyoyozi na taa za rangi, aliwapungia mkono, akaingiza kiti chake, akafunga mlango. Kendra alimtazama kwa husuda isiyofichika. Akasema wawachukue watoto wakimbilie kwenye jengo la mabafu, ni la matofali, na bango la kambi limeagiza hivyo radi zikipiga. Wade akasema mvua yenyewe ya kupita, haina haja ya kuwaamsha. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa kama zabibu. Wakatupa mikate kwenye sanduku la barafu, wakajitosa hemani, na Wade akaivuta zipu kwa nguvu zote.

Zipu ikang'ata kitambaa cha mlango. Akairudisha nyuma, haikwenda. Akaivuta mbele, haikwenda. Akaiwekea mguu, akavuta tena, na kile kishikio chake kikabaki mkononi mwake.

"Usiniangalie hivyo," alisema.

Kendra hakumwangalia. Alikuwa akitafuta mahali pengine pa kutokea, na hapakuwepo. Nyuma palikuwa na dirisha la wavu lililoshonwa pande zote. Kisu cha kukatia kilikuwa garini, pamoja na vyombo vya kupikia, kwa sababu Colby anapenda visu. Mvua ilipiga juu ya vichwa vyao hadi hema likabonyea, na ndani hewa ikawa nzito, inanuka soksi mbichi na mafuta ya kujikinga na jua. Colby akasema anataka kukojoa. Wade akamshikia chupa ya juisi, na kazi ile ikafanyika, si bila hasara.

 Ndipo Kendra alipojigundua: tangu mwezi wa nne hakuwahi kukaa mahali ambapo hawezi kuinuka na kuondoka. Kila mazungumzo yalipokaribia kuuma, alikuwa akienda kuosha vyombo. Kiangazi kizima alikuwa mwanamke mwenye vyombo safi kuliko wote Ohio. Na sasa hapakuwa na sinki wala mlango, palikuwa na magoti ya Wade yanayogusa yake, na watoto wawili ambao, aliona sasa, hawakuwa na sura za watu waliokuwa wamelala.

Maisie alikuwa amevaa fulana yake ya kijani, ameichomekea vizuri. Alikuwa amemvalisha na mdogo wake, akamlowesha nywele kwa maji ya kunywa na kuzichana upande. Akamkalisha juu ya begi. Kisha akasimama kadiri hema lilivyomruhusu, na mkononi alikuwa na simu ya Kendra.

"Mama, kaa pale na Baba," alisema. "Sogeleaneni, simu haiwapati wote."

Kendra alimuuliza anafanya nini.

"Mna habari. Nimemsikia Baba akisema mkituambia tutafurahi." Akaiinua simu. "Najua mlitaka iwe kesho kwenye fataki. Lakini nimeshasikia, kwa hiyo semeni tu sasa. Sitaharibu. Nimeshajitayarisha."

"Ni mbwa," Colby alisema. Ilionekana wazi kwamba walikuwa wamelijadili.

"Au mtoto mwingine," Maisie akasema. "Mimi nakubali vyote."

Kendra alimwona Wade akifungua mdomo, na baada ya miaka kumi ya kuishi na mdomo ule alijua kitakachotoka. Mbwa atakayetoka mle angekuwa na jina na rangi kabla mvua haijakatika. Akamwekea mkono gotini. Hakuwa amemgusa kwa hiari tangu baridi ilipoisha. Wade akafumba mdomo.

Angeweza kusema hakuna habari. Lakini mtoto alikuwa amesikia, na angejifunza kwamba masikio yake ni waongo. Kendra aliyafikiria makochi, yale makochi aliyoyashikilia njia nzima, akaona hayatafikiwa. Alikasirika. Alimkasirikia Wade, na zipu, na kobe, na nafsi yake iliyofuta ile video ya kwanza.

"Zima simu, mwanangu."

"Bibi atataka kuona."

"Hii si ya Bibi. Zima."

Maisie alitikisa kichwa. Alikuwa anatabasamu lile tabasamu la Krismasi, meno yote nje, na macho yameshaingia hofu. Kendra akaona kwamba kubishana kuhusu simu ni kuosha vyombo kwa namna nyingine. Akasema.

Alisema kwamba yeye na Baba hawatakaa nyumba moja tena. Wakirudi Ohio, Baba atahamia kwake, si mbali, na watoto watakuwa na nyumba mbili. Alisema si kosa la mtu yeyote aliye chini ya miaka thelathini, sentensi aliyokuwa ameitunga zamani akidhani ina uchangamfu, na haikuwa nao. Wade akasema wanawapenda sana, akajifuta uso kwa ile fulana ya ukoo. Colby aliuliza mbwa atakaa nyumba ipi.

Maisie hakuishusha simu. Tabasamu lilibaki usoni kwa sababu hakuna aliyemwambia aliondoe. Alirekodi hadi wazazi wake walipoishiwa na maneno. Kisha akabonyeza, akaitazama simu, akamgeukia baba yake, na hakuwa na hasira naye hata kidogo.

"Haikutoka vizuri, Baba," alisema. "Turudie. Safari hii mseme ile nyingine."

 Wade alikishika kile kishikio cha zipu mkononi na kukitazama.

Mvua ilikuwa inapungua. Miguu ikaja ikichapa madimbwi, na kivuli cha mzee Lonnie kikasimama mlangoni. Alisema ameona kitambaa kilivyobanwa, amekuja na koleo, awakwamue? Tangu walipofika kambini Kendra hakuwa ametamani kitu kingine zaidi ya mtu wa kuja kumfungulia.

"Bado, mzee Lonnie," alisema. "Tupe dakika."

Mzee akasema sawa, akabaki pale nje, koleo mkononi, akijifanya anaangalia mawingu. Kendra alipiga magoti juu ya mifuko ya kulalia, akaanza kumsogelea binti yake polepole, mikono mbele. Maisie alikuwa amesharudi kwenye nafasi yake, ameinua simu tena, amekunja magoti, tayari kuruka.