Wanga Mbichi Kumbini

Farida hakutulia tangu asubuhi. Alifagia uwanja wake, akafagia na wa jirani, akarudi kutazama saa kwenye simu. Saa tano kasorobo. Ikifika saa tano, Hashimu, mwanawe wa miaka tisa, lazima anywe wanga wa mahindi, mbichi, uliokorogwa kwenye maji baridi. Usiku na mchana ndivyo, kila baada ya masaa manne. Ini lake haliachii sukari, daktari wa Dar alieleza. Akiukosa wanga, anazimika.

Na mtoto huyo yuko kumbini, siku ya tatu ya jando, nyuma ya mikorosho, mahali ambapo mwanamke haruhusiwi hata kuchungulia. Farida alikataa asiende. Kassimu, mumewe, akasema mwanawe hatachekwa maisha yake yote. Hashimu mwenyewe akalia siku mbili akitaka kwenda. Basi, ungefanyaje? Farida akampa Rashidi, mlezi wa kumbi, kopo zima la wanga, akamkaririsha maelekezo mara tatu.

Sasa Rashidi huyo anakuja, kopo mkononi, tupu.

"Shemeji, tupe mwingine. Ule tumeumaliza asubuhi."

"Ulikuwa wa wiki nzima!"

"Ah, kumbini hali mtu peke yake. Na mtoto anywe unga mbichi, kwa nini? Tumeupika uji, wakanywa wote."

Jamani, Rashidi hakuwa mtu mbaya. Alimwonea mtoto huruma, ndiyo balaa yenyewe. Wanga ukishapikwa haukai tumboni hata masaa mawili.

"Hashimu yuko wapi?"

"Kalala. Leo mvivu kweli, jasho tu linamtoka."

Farida alibeba glukosi, pakiti ya wanga, kikombe na chupa ya maji, akatoka mbio. Rashidi nyuma yake: "Shemeji, we! Utaleta mkosi!" Mkosi gani tena uzidi kuzika? Lakini aliogopa, asikudanganye mtu. Alipunguza mwendo alipofika kwenye kamba ya makuti iliyofungwa njiani. Kassimu alisimama upande wa pili, mikono kaitanua.

"Rudi. Nipe mimi nimpelekee."

"Ulikuwepo uji ulipopikwa?"

Kassimu akashusha mikono. Farida akainama, akapita chini ya kamba.

Hashimu alikuwa kwenye mkeka, kalowa jasho, macho kayafumba nusu. Wenzake walijifunika shuka kwa haya. Farida akampaka glukosi ndani ya shavu kwa kidole, akapaka tena, akimwita jina kwa sauti mbele ya wanaume wote. Mwishowe ulimi ukasogea. Akalamba. Baada ya muda akafumbua macho, akamwona mama yake, akawaona wenzake, machozi yakamtoka.

"Mama, umeingia," akanong'ona. "Sasa watasema mimi sijapita jando."

"Watasema," Farida akajibu, akikoroga wanga kikombeni. "Kunywa."