Ua la Kumi la Tantine Berthe

Kwanza nilieleze kosa langu kwa heshima inayostahili. Wakati wa likizo ya Pasaka mimi, Élysée, mwanafunzi wa bweni, nilivumbua mmea. Niliupa majani ya muhogo na mzizi wa kiazi kikuu, na katikati ya ua nikaweka masharubu ya Bwana Éliakim, mkuu wetu wa nidhamu. Chini yake nikaandika, kwa herufi zenye mikia: *Moustachia eliakimi*. Karatasi niliilowesha chai, nikaianika uani, ikazeeka miaka mia kwa mchana mmoja. Kisha nikaichomeka katika kitabu cha Tantine Berthe.

Kitabu hicho ndicho mzee kuliko sote katika nyumba yetu ya Butembo. Ndani kuna picha za maua zilizotiwa rangi kwa mkono, na kando ya kila ua mchoro wa jinsi ya kulidarizi. Mapadre wa zamani walikiacha kijijini Mbau, mikononi mwa Tantine, dada wa baba, aliyewafundisha akina mama broderie, yaani kudarizi, huko kwa miaka ishirini. Karatasi ya kunakilia hakuwa nayo. Alilaza ukurasa wenyewe juu ya kitambaa, akaitoboa mistari kwa sindano, akapitisha unga wa makaa, na ua likabaki kwenye kitambaa kwa nukta nyeusi. Mtaalamu wa vitabu angezimia. Akina mama wa Mbau walipata mashuka yenye maua.

Nilingoja siku nne acheke au anikimbize kwa mwiko. Hakukifungua kitabu. Likizo ikaisha, nikarudi bweni, nikasahau.

Mwisho wa Juni nilimkuta dirishani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, kitambaa cha altare magotini.

"Umefika, kichwa nguvu? Umekonda. Kule banakulisha chaki?"

"Maharagi, tantine. Ile ya mawe."

"Angalia basi kazi. Ni ya chapelle ya Beni, kwenye batu ba Mbau banasalia sasa. Gari inaibeba kesho asubui."

Nikaangalia. Maua tisa yalizunguka ukingoni. Katikati, makubwa kuliko yote, kwa uzi wa zambarau unaong'aa, yalikaa masharubu ya Bwana Éliakim.

"Hii ya katikati," nikasema polepole, "uliitoa wapi?"

"Mu kitabu! Siku tulikimbia vita kule Mbau, mvua ilitunyeshea njia yote. Picha zilikuwa makumi tatu. Zingine zilianguka, zingine zilioza. Zikabaki tisa. Sasa, Pentekoste nafungua, naona ya kumi! Hata miye nilikuwa nimeisahau. Nililia, Élysée. Nikasema, kumbe iko moja ilirudi." Akajifuta macho kwa kiganja. "Wiki sita juu yake. Macho imekwisha, vidole imekwisha. Lakini Nadège na ba mama benzake ba Mbau banajua ile maua yote kwa kichwa, ni miye nilibafundisha. Nataka baione."

Nimedanganya wakubwa wengi kwa ustadi, hata rekta wa shule, katika ile kesi ya mbuzi aliyehudhuria misa. Hapa uongo haukunidai hata neno moja. Ulitaka ninyamaze tu mpaka gari liondoke. Lakini niliwaona akina mama wale wameinamia kitambaa, kila mmoja akitafuta kichwani ua ambalo halijaota popote, akijilaumu kwa kusahau. Au wakisema kwa sauti ya chini kwamba akili ya Mama Berthe imepotea njiani.

"Tantine, hapana ya kitabu. Ni miye nilichora. Hii ni masharubu ya préfet wa nidhamu."

Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Aliangalia sana.

"Kweli," akasema. "Iko masharubu."

Niliusubiri mwiko. Ningeupokea kwa shukrani.

"Basi zingali tisa tu."

Nimechapwa na watu wenye diploma ya kuchapa. Hakuna aliyenipata hivyo.

"Unisamehe, tantine."

"Fumua. Weye. Miye hapana nguvu tena."

Nikachukua wembe. Uzi baada ya uzi, nikachelea kukata kitambaa chenyewe. Tantine alisinzia akiwa ameketi, akaamka, akaona bado niko kwenye sharubu la kushoto, akasinzia tena. Maji ya beseni niliyabadilisha mara mbili. Kufikia saa kumi alasiri, wiki zake sita zilikuwa kifungu cha nyuzi kinachoenea ndani ya kikombe.

"Nichore ingine?" nikauliza. "Ya kweli. Maua ya kahawa, ao ya viazi. Najua kuchora."

"Tumeona."

"Lakini pale katikati iko wazi, tantine. Batauliza."

"Baulize. Nadège atasema, ile ingine ilikuwaka namna gani? Mwenzake atasema, ilikuwa na majani ya upana. Batabishana mpaka misa iishe." Akafumba macho. "Usitie kitu. Leta pasi."

Nikapiga pasi ya makaa mpaka kitambaa kikalala. Kisha tukakikunja pamoja, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili, tukikutana katikati ya sebule. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu alinipa pembe zake, akarudi kitini, nikamalizia peke yangu.