Safari Ndefu ya Boya la Delcia

Ukimsikiliza Bi Ionie, jirani anayeoka mikate karibu na gati, Delcia aliwakokota wageni wanne kuvuka mwamba mzima wa matumbawe, mkondo ukiwapiga usoni, papa akiwafuata nyuma, mpaka Kapteni Alrick akavua kofia kwa heshima. Anaapa kwamba aliyaona kwa macho yake, ingawa kutoka gatini hata mashua yenyewe haionekani.

Delcia angependa sana habari hiyo iwe ya kweli. Tatizo ni kwamba alikuwepo.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia majini na watu wasiojua kuogelea. Mwaka mzima alikuwa akisuuza miwani ya kuzamia na kugawa juisi kwenye mashua ya Kapteni ya kutembeza wageni, na mfukoni akitembea na fomu ya leseni ya kuongoza wageni, imefungwa kwenye plastiki. Ilikosa kitu kimoja tu, sahihi ya Kapteni.

"Leo chukua boya wewe," Kapteni alimwambia. "Nikiona umeweza, tutazungumza."

Boya la wanaoanza hufungwa kamba kwenye mashua mpaka kila mmoja apumue kwa utulivu. Ndipo kiongozi hulifungua na kuwavuta taratibu, wao wamelishikilia. Delcia alilifunga mwenyewe. Lilikuwa fundo zuri, akalitazama mara mbili kwa kujipenda.

Watatu hawakumsumbua. Wa nne, Bi Noreen, dereva wa basi mstaafu kutoka Kanada, aling'ang'ania ngazi ya mashua.

"Binti, mimi maji yangu ni ya beseni."

"Basi tuanze na beseni, bibi. Temea mate miwani yako, usugue, isishike ukungu."

"Mate yangu mwenyewe?"

"Yangu utayakataa."

Bi Noreen akacheka, akatema. Delcia akamshika mkono, akamhesabia pumzi, akamwinua, akaanza upya, bila haraka, mpaka uso wa bibi ukakaa majini wenyewe. Alikuwa akiichunga mirija yote minne ya kupumulia kama mama mwenye maziwa jikoni. Fundo tu ndilo ambalo hakulichunga.

"Twende," akasema, akapiga mateke.

Boya likasogea hatua chache, kisha likawa zito. Mkondo mkali leo, Delcia akajiambia, akaongeza bidii. Akawaonyesha chewa mkubwa chini ya jiwe. Baada ya kitambo akawaonyesha chewa mwingine, na mwingine tena.

Bi Noreen akainua kichwa, akatoa mrija mdomoni. "Huyu naye pezi lake limechanika kama wale wenzake."

"Ni ukoo wao," Delcia akajibu, kwa sauti ya mtaalamu.

Dakika ishirini zilipita. Miguu ikiwaka moto, aliinua uso ili awaonyeshe wageni jinsi mashua ilivyobaki mbali. Kapteni alikuwa ameketi ukingoni na mkate mkononi, karibu kiasi kwamba makombo kwenye ndevu zake yangeweza kuhesabika.

"Mmefika Meksiko?" akauliza. "Hawajambo huko?"

Delcia akaifuata kamba kwa macho, kutoka kwenye boya mpaka kwenye fundo lake zuri. Alitamani kuzama, lakini koti la kuokolea maisha halikumruhusu.

Walipopanda, Bi Noreen alikuwa bado anacheka. "Usimkemee, Kapteni. Mngenipeleka mbali ningepiga kelele mpaka nyumbani. Yule samaki sasa namjua kama jirani."

"Naye anakujua," Kapteni akasema. "Hajawahi kutembelewa hivyo kwa siku moja."

Delcia akajifuta mikono, akaitoa fomu, akaiweka kwenye benchi kando ya Kapteni pamoja na kalamu.

"Kapteni, nimekosea, na nimekosea mbele ya samaki. Lakini wote wanne wanapumua, na bibi amelowa nywele. Utanisainia?"

Kapteni alikuwa ameinamia fundo. Lilikuwa limebana likawa jiwe. Akalijaribu kwa kucha, kisha kwa meno.

"Ulivuta kwa nguvu gani?"

"Zote, Kapteni."

Kapteni akalirudisha fundo mdomoni. Upepo ukainua pembe ya fomu, na Delcia akaikandamiza kwa kidole, akaendelea kuishikilia.