Usigonge Fimbo Darajani

Usiku wa jana niliota nimekwenda Shikoku kugombana.

Shikoku ni kisiwa huko Japani. Mimi hata Nairobi sijafika, lakini Shikoku naijua mpaka inanikera, kwa sababu ya mdogo wangu Mbaruku. Ana miaka tisa huko, alikwenda kusoma. Miaka minne sasa hajapiga simu hata siku moja, na namba aliyotuachia haipokelewi. Anachotuma ni kadi za picha: ngome, bustani, daraja, bahari. Nyuma anaandika mstari mmoja tu: "Mama, hapa pazuri, angalia."

Mama haoni. Presha ya macho imemmaliza tangu mwaka juzi. Huyo bwana angepiga simu angejua. Kila kadi ikija, mama anaipapasa, ananipa. "Mwanahawa, nisomee picha." Namsomea mapaa, namsomea mawe, mpaka ulimi unakauka. Mwisho anauliza, "Na yeye yumo?" Hayumo. Juzi akasema kadi basi, hazitaki tena. Anataka aisikie sauti ya mwanawe kabla hajafa. Nikalala na hasira hiyo kifuani.

Basi nimesimama mbele ya Ngome ya Matsuyama, juu ya kilima, mchana kweupe, nimejifunga kanga kiunoni.

"Vua viatu," ngome inaniambia. "Humu haingii mtu na viatu."

Navua.

"Na hasira. Kuna kabati pale, utapewa ufunguo."

"Hasira siivui," nasema. "Sikuvaa kitu kingine ndani."

Ngome inafikiri, inaniruhusu. Naiuliza alipo Mbaruku, aliyeipiga picha mwezi wa tatu. Inasema wanaoipiga picha ni wengi, kwani alisimama upande gani? Nasema wa mbele. Ikafurahi, eti kwa mbele inapendeza zaidi. Nikaiambia sikuja kuisifu.

"Umetoka mbali," inasema. "Pokea zawadi. Kisiwani kwetu anayezunguka mahekalu kwa miguu hupewa kitu, naye hakatai. Ndiyo desturi."

Ikanimwagia machungwa mikononi. Machungwa! Mimi, mtu wa Muheza! Nimezaliwa chini ya machungwa, nimesomeshwa kwa machungwa, nasafiri mpaka Japani ninapewa machungwa! Nikataka kuyarudisha, mikono ikagoma kufunguka. Juu yake ikanipachika fimbo ya kuhiji, ya mbao nyeupe.

"Tukifika popote," fimbo inasema kwapani kwangu, "unaniosha miguu mimi kwanza, halafu yako."

"Una miguu wewe?"

"Mmoja. Lakini tunasema miguu, kwa heshima."

Nikageuka niondoke, ngome haipo. Nipo Naruto, juu ya bahari inayojizungusha kama uji unaokorogwa. Kadi ya bahari hiyo niliisoma mara tano, mama hakuelewa maji yanazunguka vipi.

"Mbaruku?" maji yanasema. "Huyo huja hapa kila mwezi. Husimama pale, husema, 'Kesho nitampigia mama.' Nami kazi yangu ni kuzungusha kila kinachoangukia humu. Sikiliza."

Nasikiliza. Ndani ya povu ipo sauti ya mdogo wangu: kesho, kesho, kesho, kesho.

"Miaka minne," maji yanasema. "Natapika, dada."

Damu ikanipanda kichwani. Nikayauliza yuko wapi. Yakasema niende bondeni Iya, kwenye daraja la mimea itambaayo, na kabla sijajibu yakanitwisha furushi la mwani mbichi. Zawadi. Nikashukuru kwa meno.

Daraja lenyewe limesukwa kwa kamba za mimea, na kati ya kijiti na kijiti mguu mzima unapita. Chini mto unakwenda. Naanza kuvuka, machungwa huku, mwani unanichuruzikia mgongoni. Fimbo ikanong'ona:

"Usinigonge hapa. Zamani mtakatifu wetu alilala chini ya daraja, usiku wa baridi. Tangu hapo msafiri hagongi fimbo juu ya daraja lolote, asije akamwamsha aliyelala."

"Aliyelala nani? Si alikwisha kufa?"

"Angalia."

Nachungulia. Chini, juu ya mawe, kuna godoro. Juu ya godoro, Mbaruku, kalala chali, mdomo wazi, vilevile kama alivyokuwa akilala kwetu siku za kwenda shambani.

"We Mbaruku!"

"Shhh," daraja likasema. "Shhh," mto ukasema. "Kachoka."

"Kachoka na nini?"

"Na aibu," daraja likasema. "Chuo walimtoa mwaka ule wa tano. Sasa anafua mashuka hotelini. Anaogopa mama yake ataijua sauti, atamuuliza. Kwa hiyo anatutuma sisi."

"Na nyinyi mnakubali kutumwa?"

"Sisi ni wazuri," daraja likasema. "Hatuulizwi mengine."

Hapo nikachemka. Nikasema kwa sauti ambayo majirani Muheza wanaijua: "Mama yake haoni! Kipofu! Mnamwendea kipofu na uzuri wenu!"

Mto ukasimama. Daraja likaacha kuyumba.

"Hatukuambiwa," fimbo ikasema polepole. Halafu ikasema, "Nigonge."

Nikagonga mara tatu, kwa nguvu zangu zote.

Mbaruku akafumbua jicho moja. "Dada," akasema, "usipige kelele. Kuna mtu amelala."

"Ni wewe, mjinga!"

Sijui nilishukaje. Nipo pale pale kwenye mawe, kwa mara ya kwanza mikono mitupu. Nikamwambia yote: macho, kadi, mimi kugeuzwa redio ya kutangaza mapaa. Nikamwambia mama hana haja na chuo chake, anataka kusikia anapumua. Akakaa kwenye godoro, machozi yanamtoka, nikaanza kumhurumia, na huruma hiyo ikanitia hasira mpya.

"Sikujua, dada," akasema. "Wallahi sikujua. Kesho nitampigia."

Kesho!

Nilimzaba kofi ambalo bonde lote lililipokea na kulirudisha.

Nikaamka. Kumekucha, jua limeingia dirishani, na mama anaongea uani. Mama hana kawaida ya kuongea asubuhi kabla ya chai. Nikatoka bila hata kunawa uso. Amekaa kwenye mkeka, simu ameikumbatia kwa mikono miwili kama bakuli la moto, spika wazi, mashavu yote yameloa.

"...mashuka ni kazi, baba," anasema. "Hata mimi nimefua sana. Hebu sema tena. Sema chochote."

"Nasema, mama," sauti ikajibu. Ilikuwa nzito, maneno yanatoka upande mmoja wa mdomo. "Siongei vizuri. Nimeamka shavu la kushoto limevimba, na jino moja limelegea. Sijui nimelaliaje."

Halafu akauliza kwa woga, "Mama, dada yuko karibu?"

Mama akaniinulia uso. "Mwanahawa, umemfanya nini mwenzio?"

"Mwambie aendelee kuongea," nikasema. "Akikata tu, narudi."