Ufunguo Umo Katika Daftari la Pili

Mzee Mwinyimvua aliweza kunisumbua bila hata kuwa hai. Alikufa miaka mitatu kabla sijalijua jina lake, akazikwa vizuri, akasomewa hitima, na bado kila Jumamosi nilikuwa nakaa barazani kwa binti yake, Dada Tatu, Mtaa wa Narung'ombe, nabishana na marehemu.

Enzi zake alikuwa karani wa kupokea mizigo sokoni Kariakoo, tangu soko likiwa bado lile banda la Mjerumani. Kila mgeni aliyeshusha gunia, Mmatumbi, Mngindo, Mhindi wa Kachi, alimwuliza: kwenu hiki mnakiitaje? Akaandika. Miaka arobaini, madaftari saba. Juu ya ukurasa aliweka jina la kitu kwa Kiswahili chetu cha kawaida, chini yake majina ya wageni. Na aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama Waswahili walivyoandika lugha yao karne nyingi kabla misheni na serikali hazijatuletea hizi a, e, i, o, u.

Tatizo la zile herufi ni kwamba zilikuwa nguo iliyoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Hazina cha wala pa, hazitenganishi e na i, wala o na u. Wazee hawakujali, maana msomaji alilijua neno kabla hajalisoma. Lakini Mzee Mwinyimvua alikuwa anaandika maneno ya watu, maneno ambayo msomaji hayajui. Basi akabuni alama zake mwenyewe: nukta pembeni, mkia chini, kijiti kama mwiba wa samaki. Alama kumi na tisa, na hakumwonyesha mtu. Nyuma ya jalada la daftari la kwanza akaandika: "Ufunguo wa alama zangu umo katika daftari la pili."

Daftari la kwanza nilikuwa nalisoma. La pili mpaka la saba yalikuwa ndani ya sanduku la bati, na ufunguo wa sanduku alikuwa nao kaka yake Dada Tatu, aliyeishi Kilwa. Marehemu alipenda funguo zikae mbali na mlango.

Mimi nilikuwa mfanyakazi wa ofisi moja ndogo Upanga, chumba kimoja juu ya gereji, kazi yetu kukusanya maandishi ya zamani ya Kiswahili. Mkubwa wangu, Bwana Chandu, alikuwa amepanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka ishirini: za Kirumi, za Kigujarati na za Kiarabu. Ndiye aliyenifundisha kusoma za Kiarabu, na kwa kuwa mpanga herufi huziona kinyume, alinifundisha kinyume. Miezi minne ya mwanzo nilisoma vizuri sana, mradi kioo kiwepo.

Siku ya kunituma Kariakoo alinikalisha chini.

"Theopista, sikiliza. Mimi Mhindu, wewe Mkatoliki wa Ndanda, na karatasi ni za Waislamu. Tukikosa adabu kidogo tu, tutafukuzwa na kuku wa nyumba. Kichwa funika. Mikono nawa. Na kitu ambacho huna hakika nacho usikisome kwa sauti."

Nikashika hayo matatu kama amri za mlimani.

Sasa kunawa, mwaka ule wa themanini na moja, hakukuwa jambo dogo. Sabuni ilikuwa ya foleni. Watu walikuwa wanaamka alfajiri, wanaacha tofali kwenye mstari liwawakilishe, na tofali la mtu liliheshimiwa kuliko mtu. Mimi kipande changu nilikikata vipande, nikabeba kimoja kwenye kasha la kiberiti. Nikifika kwa Dada Tatu, najifunga khanga kichwani, natoa kasha langu, nanawa mpaka kwenye viwiko, nalipokea daftari kwa mikono miwili. Halafu nasoma kimya, midomo inatembea. Dada Tatu anakaanga mihogo yake ya kuuza, ananitazama.

Hakuwa anazijua zile herufi. Sura alizifundishwa kwa mdomo utotoni, kisha akaozwa mapema. A, e, i, o, u alizipata ukubwani kwenye kisomo, na cheti chake kilikuwa ukutani, karibu na picha ya baba yake.

"Kaka atakuja Shaabani," aliniambia mara ya kwanza.

"Kwani barua haifiki Kilwa?"

"Barua inafika. Kaka ndiye hafiki."

Nikangoja miezi saba. Sikungoja kwa uvumilivu, nilingoja kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Bwana Chandu naye alikuwa amepata karatasi za kuchapia kitabu, kitu adimu kuliko sabuni, na wakubwa walishasema: zisipotumika mpaka mwisho wa Julai, zinakwenda kwingine. Bila ufunguo, hakuna kitabu. Nusu ya daftari nililokuwa nalo ilisomeka kwa kukisia, na kamusi ya kukisia si kamusi, ni bahati nasibu.

Jumamosi moja ya Juni nikafika, hata viatu sijavua, Dada Tatu ananiambia, "Kaka kaja."

Nikashika nguzo. "Kaja na ufunguo?"

"Kaja na ufunguo, kaja na samaki wakavu, kaja na mke mpya. Kaa kwanza ule muhogo."

"Muhogo baadaye, Dada."

"Nyie watu wa korosho hamjui kitu cha moto." Akakaa. "Tulilifungua sanduku Jumatano. Mende, mdogo wangu. Wamekula pembe za madaftari yote. Nililia."

"Pembe tu? Katikati kuzima?"

"Kuzima."

"Basi pembe si neno. Yako wapi?"

Uso ukamng'aa, kama mtu aliyemwekea mwenzake zawadi.

"Tumeyastiri. Maalim Uwesu alikuja na udi. Tukayafunga kitambaa cheupe, dhiraa mbili, kile nilichokuwa nimeweka cha Idi. Akayapeleka Feri, akakodi ngalawa, akaenda nayo mbali kwenye kina, akayatia jiwe. Msahafu uliochakaa hautupwi jalalani, unazamishwa kwa heshima. Na dua tulikuombea na wewe."

Nilisikia mafuta yakilia kwenye karai.

"Dada Tatu. Ile haikuwa misahafu."

"Usinitanie."

"Ni maneno ya sokoni. Baba yako alikuwa anaandika Kiswahili, na maneno ya wageni. Majina ya samaki. Majina ya mihogo."

Akatoa kijiko kwenye mafuta.

"Na wewe ulikuwa unanawa kwa sabuni," akasema polepole, "mwaka huu, ili usome majina ya mihogo?"

Nikausukuma mkoba wenye kasha la kiberiti nyuma yangu.

"Mimi zamani nilidhani ni makaratasi yake ya mizigo. Tulikuwa tunayasogeza kwa mguu tukifagia. Halafu ukaja wewe, msomi wa ofisini. Umejitanda. Unanawa mpaka viwiko. Unapokea kwa mikono miwili, midomo inatembea kimya. Unaniambia, 'Dada Tatu, haya ni maandishi adhimu.' Nikasema moyoni, kumbe tumekuwa tukiyakosea heshima. Nikasema na huyu binti keshasilimu, anaogopa tu kuwaambia kwao Ndanda."

"Ungeniuliza."

"Mtu akiwa kwenye ibada anaulizwa?"

Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo mama yangu angenichapia. Nikavuka mpaka nyuma ya Mtaa wa Sikukuu, kwenye chuo cha Kurani cha Maalim Uwesu, mzee mwembamba aliyekuwa anachonga kalamu za mwanzi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, binti. Ndiye wewe tuliyekuombea?"

"Ndimi. Maalim, uliyafungua yale madaftari?"

"Nilifungua moja, nikatazama juu ya ukurasa. Bismillahi, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Penye jina la Mungu hapatupwi."

"Na chini ya Bismillahi?"

Akaipuliza kalamu. "Chini yake palikuwa na pweza."

"Pweza."

"Neno pweza, na majina mengine kama sita nisiyoyajua. Nikasema labda ni tafsiri. Elimu ya wazee ni pana."

"Na vijiti vidogo pembeni ya maneno, hukuviona?"

"Niliviona. Nikadhani kinyesi cha mende." Akaiweka kalamu chini. "Sasa niambie, mjukuu wangu. Ningefanyaje? Niache jina la Mungu liliwe na wadudu kwa sababu ya pweza?"

Lililoniuma zaidi ni kwamba hakuwa na kosa. Dada Tatu hakuwa na kosa. Nilitembea Kariakoo nzima natafuta mtu wa kumgombeza, nikarudi na mtu mmoja tu, na huyo alikuwa na kasha la kiberiti mkobani.

Jumatatu nikamweleza Bwana Chandu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Adabu nilikufundisha mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Ile ya tatu ndiyo iliyotuua. Ungesoma kwa sauti, angesikia ni Kiswahili."

"Ya tatu wewe, Bwana Chandu. Sabuni ilikuwa yangu."

Hakucheka. Mwisho wa Julai karatasi zikaondoka, mapandikizi ya marobota, yakachapiwa mabango ya kilimo cha mtama. Mabango mazuri. Nilipita chini ya moja kila siku, nikalichukia kwa moyo wote.

Kwa Dada Tatu sikuenda majuma saba. Nikasema kazi ya Mzee imekwisha, abaki na pweza wake. Lakini siku moja nikatumwa Kariakoo kutafuta wino, miguu ikanipeleka yenyewe.

Alikuwa barazani. Safari hii hakuwa na utani.

"Umelifuata daftari la kwanza? Lichukue. Nimeliweka vilevile."

"Nimefuata muhogo."

Akanipa, wa moto, na pilipili. Nikala nikamaliza, nikala mwingine. Daftari lilikuwa juu ya mkeka kati yetu. Nilijifuta vidole viwili kwenye khanga, kiunoni ilipokuwa, nikafunua kwa vidole hivyo ukurasa wa Bismillahi, maana Maalim ana haki yake. Kurasa zilizofuata nilizifunua kama mtu anayefungua fungu la mchicha. Dada Tatu akatoa macho.

"Utatia mafuta."

"Baba yako alishika magunia siku nzima. Unadhani alikuwa ananawa?"

Nikasoma kwa sauti, mara ya kwanza tangu nilijue lile daftari.

"Muhogo." Hilo lilikuwa la juu, jepesi. Chini yake lilikuwepo neno lenye nukta, miiba miwili na mkia, lililonitesa tangu Desemba. "Shiriku. Au shereku. Au shiriko. Sijui."

"Sema tena."

"Shiriku. Shireko."

Akaacha kugeuza mihogo.

"Chereko," akasema. "Muhogo wa chereko. Mweupe, hauna mizizi ndani. Baba alikuwa anatuletea Ijumaa, kwa mtu mmoja wa Mkuranga. Tangu afe sijasikia mtu kulitaja."

Nikatoa kalamu. Nukta ni cha, mwiba ni e, mkia ni o. Alama tatu kwa pigo moja, kutoka kwa mtu niliyekaa naye miezi saba nimefunga mdomo. Nilitaka kufurahi, hasira ikatangulia.

"Zimebaki kumi na sita," nikasema.

"Soma."

La pili nikalisoma namna nne. Dada Tatu akatikisa kichwa mara nne. Nikalisoma namna ya tano na ya sita, mpaka mpita njia mmoja akasimama akidhani tunagombana.

"Hilo si la nyumbani," Dada Tatu akasema mwishowe. "Limeandikwa kabila gani?"

"Mmatumbi."

"Basi ni la kina Kijakazi, yule muuza ubuyu wa nyumba ya tatu. Mama yake ni Mmatumbi wa Kipatimu." Akainuka, akaita kwa sauti ya soko zima. "Kijakazi, njoo mara moja, kuna neno la kwenu huku."

Jibu likatoka mbali, kwenye kona ya duka la kaya.

"Siwezi, Da Tatu. Nimebakisha watu tisa nifike kwenye sabuni."

Dada Tatu akanitazama, mimi nikatazama chini. Akanisogezea muhogo wa tatu, tukamngoja.