Kivuli cha Bosco

Ngendo alikuwa amepiga magoti nyuma ya zizi la kondoo, Endarasha, akimchana mbwa wake Malkia manyoya ya nyuma ya masikio, yale yanayoshikana upesi yakiachwa, wakati kivuli cha mtoto wa mbwa kilipoingia langoni bila mbwa. Kilipita juu ya matope, kikalala tumboni mwa Malkia, kikaanza kunyonya. Malkia aliinua mguu kidogo kukipa nafasi.

Ngendo alikitambua kwa sikio la kushoto, ambalo lilikuwa bado halijasimama. Kilikuwa cha Bosco, mtoto wa Malkia aliyenunuliwa na Ngatia wa Mweiga.

"Ngatia amekirudisha?" aliuliza Wamae, mumewe, akipita na ndoo ya maziwa.

"Kimekuja chenyewe."

"Basi kisilale kwa baridi," akasema Wamae, akaenda zake.

Ngendo hakuwa mtu wa kuzalisha mbwa ovyo ovyo. Wapo huko Kieni wanaompandisha jike kila akishika joto, hata na baba yake mzazi, mradi manyoya yawe marefu na watu wa mjini wapate cha kupiga picha. Hao tusiwaongelee, tutaharibu chai. Malkia alizaa mara moja tu, baada ya daktari wa mifugo kumkagua nyonga, na dume alitafutwa mbali kule Othaya, pasipo na undugu. Watoto walifunzwa kuketi, kuja wakiitwa, na kuwaswaga kondoo bila kuwauma. Wanunuzi waliulizwa maswali mpaka wengine wakanuna. Ngatia hakununa. Alijibu yote vizuri, kwa sauti ya upole, akaahidi kwamba Bosco atatembea shambani kila siku.

Kivuli hakikumsumbua Ngendo. Alichotaka kujua ni kitu kimoja: kama kivuli kiko hapa, mbwa mwenyewe yuko katika hali gani? Asubuhi akaenda Mweiga.

Ngatia alimkaribisha chai, kisha akampeleka nyuma ya banda la ng'ombe. Hapo palikuwa na sanduku la mbao lililofunikwa kwa mabati, na kila ufa umezibwa kwa gunia. Ndani kitu kilinguruma. Kwa kuwa jua halikuwahi kufika humo, kivuli kilikuwa kimekosa kazi.

"Uliniambia atatembea, Baba Nyawira."

"Si anatembea? Usiku namfungulia. Mbwa akizoea mchana na watu, hawezi kuwa mkali. Hata marehemu baba alikuwa anawafungia hivi hivi."

Ngendo aliinama karibu na mbao. "Bosco, keti." Kitu kikajigonga ubaoni kwa nguvu.

"Umesikia?" akasema Ngatia, ameridhika. "Ako sawa."

"Nirudishie huyu mbwa. Pesa yako nitakupa yote."

"Ah, huyu sasa ni wangu."

"Na kivuli chake?"

Ngatia alifikiri kweli kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Hicho kaa nacho, Mama Lynn. Mimi usiku hakinisaidii." Akamfungia viazi vya kubeba. Ngendo akasema asante, na njia nzima hiyo asante ilimuuma.

Kivuli kilikuwa mwanafunzi mzuri. Kilijifunza kuketi, kusubiri, na kuwazungusha kondoo polepole mpaka zizini, na kondoo walikitii. Sikio likasimama. Mkia ukajaa manyoya, naye Ngendo, kwa mazoea, akawa anakichana jioni. Chanuo halikutoa hata unyoya mmoja.

Malkia aliposhika joto tena, watu walianza kupiga simu. Ngendo alimfungia jikoni, karibu naye, mpaka siku zikapita. "Hakuna mtoto mwingine atatoka hapa," alimwambia Wamae. "Sitawapelekea wa kufungia." Akadhani limekwisha.

Jumapili walipotoka kanisani, walikuta uwanja umejaa vivuli. Vilikuwa vya manyoya mafupi, vya mbwa koko, kimoja cha mbwa mzee aliyeburuta miguu ya nyuma.

"Hawa si wetu," akasema Wamae.

"Si wetu," akasema Ngendo, akaanza kusogeza kondoo ili wapate pa kulala.

Giza lilipoingia, masanduku yakafunguliwa boma baada ya boma, kuanzia Endarasha hadi Mweiga. Mbwa wakabweka, na watu wakalala wakijua wako salama.