Waliosimama Nje ya Lango

Asubuhi ya fainali, kamati ya mpira ya Wirrabilla, mji mdogo wa Australia, ilimtumia Shangazi Verlie, mzee wa kabila la wenyeji asilia, ujumbe wa simu: mwaka huu hakuna kukaribisha wageni, watu wamelalamika. Hata salamu hawakuweka. Miaka kumi na tisa bibi huyu amewasha majani ya mkaratusi uwanjani pale, akawakaribisha wageni kwa lugha ya wazee wake kwa dakika mbili, wageni wakaitikia kwa neno moja, mpira ukaanza. Leo dakika mbili zimekuwa nyingi!

Ilimuuma sana. Siku hiyo ndiyo pekee lugha yake iliposikika hadharani mjini, na ikifutwa mwaka mmoja ingekuwa imefutwa moja kwa moja. Kamati za mji huo alizijua. Akajaza majani kwenye ndoo, akavaa kofia, akaenda.

Mwenyekiti wa kamati, Mzungu aitwaye Clive Penrose, alimkuta ameketi kwenye kiti cha kukunja, hatua chache ndani ya lango.

"Shangazi, hukupata ujumbe?"

"Niliupata."

"Si mimi, ni watu. Wanasema wamechoka kukaribishwa kwenye nchi yao. Hata mimi nimezaliwa hapahapa."

"Najua. Nepi zako nimezifua. Nani kakuambia nakukaribisha wewe, Clive? Nakaribisha wageni."

"Basi nenda jukwaani ule pai yako, utazame mpira."

"Hapa pananitosha."

Basi la Gunyerra, timu ya wageni, likafika. Nusu ya wachezaji walikuwa wenyeji asilia wa upande wa juu wa mto, kabila jingine. Walishuka na mabegi yao, wakasimama nje ya lango, wakatulia. Magari ya watazamaji yaliyozunguka uwanja yakaanza kupiga honi.

Clive akatoka na kipaza sauti chake mkononi. "Ingieni jamani, refa anangoja!"

"Tunangoja mwenyeji," alisema nahodha wao, Lionel, jitu la ndevu.

"Mwenyeji si ndiye mimi? Mimi mwenyekiti!"

"Wewe una funguo, kaka. Bibi yangu akisikia nimeingia nchi ya watu sijaitwa, leo silali ndani."

"Na wewe?" Clive alimgeukia mchezaji mmoja Mzungu mwenye nywele nyekundu.

"Mimi nipo na nahodha."

Clive akamtazama Shangazi Verlie. "Shangazi, sema lolote basi."

"Kamati imekataa."

"Kamati ni mimi!"

"Haya, itangazie hiyo spika yako. Wote wasikie."

Akatangaza, uso umemwiva: kamati inamwomba Shangazi Verlie akaribishe wageni. Kwenye magari wengine walipiga makofi, wengine wakazomea. Bibi aliwasha kiberiti, majani ya ndoo yakashika moto. Alisema maneno yote, hakuruka hata moja, na palipozomewa alirudia. Wachezaji wakaitikia kwa pamoja, wakapita kwenye moshi mmoja mmoja.

Nje akabaki Clive peke yake. Alitaka kujipenyeza pembeni, lakini bibi alikuwa bado amesimama na ndoo yake, akimtazama. Akamwambia maneno yaleyale, taratibu, kama alivyowaambia wageni.

Clive akavua kofia. Kabla hajafikiri, lile neno la kuitikia likamtoka mdomoni, na alilitamka sawasawa.